Sosi ya steki ya chupa, tomato sosi au kachumbari: ipi iende na nyama yako?

Kijiko kimoja cha chakula cha sosi ya steki kina kilokalori 15 hadi 21, mafuta karibu sifuri, protini isiyofika gramu moja, na vitamini chache mno kiasi kwamba mwili hauoni tofauti. Anayesimama mbele ya rafu ya supamaketi Arusha mjini akipima kalori za chupa mbili anapima kitu kisichomsaidia kuchagua. Sosi hutofautiana kwa chumvi kwanza, kisha sukari, kisha kiasi ambacho mkono wa mlaji humimina. Hivyo ndivyo vigezo tulivyotumia hapa.

Upande mmoja zipo sosi mbili za steki zinazojulikana sana: A.1. ya Marekani na HP ya Uingereza. Upande wa pili zipo zile zinazokaa nazo rafu moja, yaani tomato sosi, sosi ya babikyu, soya sosi na Worcestershire. Na kwa kuwa tunazungumza na watu wa Arusha na Moshi, kachumbari haiwezi kuachwa nje, maana ndiyo inayokutana na nyama choma kwenye meza nyingi kuanzia Sakina hadi Kiboriloni.

| Kijiko 1 cha chakula (gramu 16 hadi 17) | Kilokalori | Sukari (g) | Sodiamu (mg) |
|---|---|---|---|
| A.1. (lebo ya Marekani) | 15 | 2 | 280 |
| HP (lebo ya Uingereza) | 21 | 4 | 88 |
| Tomato sosi | 17 | 3.6 | 154 |
| Sosi ya babikyu | 29 | 5.6 | 175 |
| Worcestershire | 13 | 1.7 | 167 |
| Soya sosi | 8 | 0.1 | 880 |
| Kachumbari bila chumvi, gramu 100 | 25 | 3 | 5 |

Za A.1. na HP ni za lebo zao. Nyingine ni wastani wa vyakula vya aina hiyo. Sosi ya kiwanda cha Tanzania, Kenya au Afrika Kusini inaweza kupanda au kushuka kutoka hapo, kwa hiyo lebo ya chupa uliyoishika ndiyo yenye neno la mwisho.

A.1. na HP: moja imeelemea chumvi, nyingine sukari

Ukizionja bila kuangalia chupa, unaweza kudhani ni ndugu. Zote zina rangi ya kahawia, zote zimejengwa juu ya nyanya na siki, zote zina utamu wa matunda nyuma yake. A.1. huupata kwa zabibu kavu, machungwa yaliyosagwa na sharubati ya mahindi. HP huupata kwa tende, molasi na sharubati ya glukosi na fruktosi, na ukali wake kidogo unatokana na ukwaju.

Lebo zao ndizo zinazochanganya wanunuzi. Ya Marekani huandika sodiamu (sehemu mojawapo ya chumvi) kwa kijiko, ya Uingereza huandika chumvi kwa gramu 100. Namba 280 na namba 1.3 haziwezi kulinganishwa mpaka uzilete kwenye kipimo kimoja. Hesabu yake ni hii: chukua sodiamu ya kijiko, gawanya kwa uzito wa kijiko, zidisha kwa 100, kisha zidisha kwa 2.5 ili sodiamu igeuke kuwa chumvi. Kwa A.1., mg 280 kwa gramu 17 ni mg 1,650 hivi kwa gramu 100, ambayo ni chumvi gramu 4.1. HP ina gramu 1.3. Kwa hiyo A.1. ina chumvi mara tatu ya HP.

Pengo hilo halikuwa kubwa hivyo zamani. HP yenyewe ilikuwa na gramu 2.1 za chumvi kwa gramu 100 hadi mwaka 2011, mapishi yalipobadilishwa. Anayelalamika kwamba ladha si ile ya zamani ana hoja, ila kwa afya ya moyo mabadiliko yale yalikuwa mema.

Kwenye sukari meza inageuka. HP ina gramu 23 kwa gramu 100, A.1. ina 12 hivi. Utaratibu wa rangi za taa unaotumika Uingereza huweka nyekundu chakula kinapozidi gramu 1.5 za chumvi au gramu 22.5 za sukari kwa gramu 100. Kwa kipimo hicho A.1. ni nyekundu kwa chumvi, HP ni nyekundu kwa sukari. Hakuna iliyo safi kabisa.

Sasa, ipi mbaya zaidi? Kwa mtu wa kawaida, chumvi. Vijiko viwili vya HP vina gramu 8 za sukari, vijiko viwili vya chai basi. Soda ya mililita 330 unayoagiza kando ya nyama ina gramu 35 hivi. Anayekunywa soda huku akikataa sosi kwa hofu ya sukari ameanzia mahali pasipo. Chumvi ni tofauti, kwa sababu nyama imeshatiwa chumvi, chipsi zimetiwa, ndizi za kuchoma zimetiwa, na sosi inakuja juu ya hizo zote.

Mambo mawili ya kukuepusha na mkanganyiko dukani: A.1. iliondoa neno la steki kwenye jina lake mwaka 2014, kwa hiyo usidhani umeshika bidhaa nyingine. Na chupa ya HP yenye picha ya Bunge la Uingereza ikiandikwa imetengenezwa Uholanzi, si lazima iwe ya bandia. Uzalishaji wake ulihamia huko, mji wa Elst, mwaka 2007.

Hesabu ya sahani yako

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima abaki chini ya mg 2,000 za sodiamu kwa siku, sawa na gramu 5 za chumvi, yaani kijiko cha chai kisichojaa. Tuchukue robo kilo ya nyama ya ng'ombe au mbuzi. Mchomaji ametia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, gramu 6, kwa kilo nzima. Kijiko hicho kina mg 2,300 hivi, na robo yako imebeba mg 575, hata kama kidogo kimedondoka na mafuta kwenye makaa.

Ukichovya kwa vijiko vitatu vya A.1. (na vitatu ni vichache kwa mtu anayependa kuchovya) unaongeza 840 na kufika 1,415. Kwa HP unafika kama 840. Kwa tomato sosi, 1,040 hivi. Kwa kachumbari isiyo na chumvi unabaki pale pale 580. Kwa soya sosi vijiko vitatu peke yake vinakupitisha kikomo cha siku nzima kabla hujahesabu nyama.

Kwa hiyo ushauri wetu wa kwanza si kubadilisha chupa, ni kubadilisha mpangilio. Kama unajua utatumia sosi, mwambie mchomaji asitie chumvi, au atie nusu. Nyama iliyochomwa bila chumvi kisha ikachovywa kwenye vijiko viwili vya A.1. ina mg 560 tu za sodiamu kutoka nje, pungufu ya ile iliyotiwa chumvi bila sosi. Wachomaji wengi hukubali ombi hilo bila shida ukilisema kabla nyama haijapanda makaa. Wakishanyunyiza hakuna la kufanya.

Kuna jambo jingine la chumvi ambalo watu hulisahau. Chumvi ya mezani hapa nchini inatakiwa iwe na madini joto. Ile iliyomo kwenye sosi ya nje si lazima iwe nayo. Familia ikipunguza chumvi ya jikoni na kuongeza sosi, inabaki na sodiamu ileile na kupoteza faida hiyo.

Tomato sosi ina sifa yake, ukiipata ya kweli

Nyanya iliyopikwa na kukolezwa ina laikopini (kiini kinachoipa nyanya wekundu wake) nyingi zaidi kwa gramu kuliko nyanya mbichi, na mwili huifyonza vizuri zaidi ikipikwa na kukutana na mafuta kidogo. Kijiko kimoja cha tomato sosi nzuri kina laikopini inayokaribia ya gramu 100 za nyanya mbichi. Ni sifa ya kweli, na katika sosi zote za chupa hii ndiyo pekee yenye kitu cha kusema upande wa lishe.

Tatizo ni neno "nzuri". Viambato huandikwa kwa kufuata uzito, kikubwa kikitangulia. Soma vitatu vya kwanza. Ikianza nyanya au nyanya zilizokolezwa, umepata sosi ya nyanya. Ikianza maji, sukari na wanga wa mahindi, huku nyanya ikija ya nne au ya tano na rangi nyekundu ikifuata, umenunua uji mtamu wenye siki. Ukiona E954 hiyo ni sakarini, kitia utamu cha kutengeneza kisicho sukari. E211 ni sodiamu benzoeti na E202 ni potasiamu sorbeti, vihifadhi vinavyoruhusiwa na visivyo na haja ya kukutisha kwa kiasi cha kijiko. E150d ni rangi ya karameli, ndiyo inayozipa sosi nyingi ule ukahawia.

Tafuta pia alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania. Tangu 2019 usajili wa vyakula vya viwandani uko chini ya shirika hilo.

Chupa ya mezani kwenye baa au mgahawa ni habari nyingine. Mara nyingi hujazwa tena kutoka galoni ya lita 5, na wakati mwingine huongezwa maji au siki. Lebo yake haikuambii tena kilichomo. Mwenye presha au mzio asiitegemee.

Babikyu, Worcestershire na soya, kwa kifupi

Sosi ya babikyu ni tamu kuliko zote kwenye meza yetu, theluthi moja yake ni sukari. Worcestershire ni nyepesi na kali, matone kadhaa yanatosha, kwa hiyo sodiamu yake mezani huwa ndogo kuliko jedwali linavyoonyesha. Soya sosi ibaki jikoni: kijiko kimoja cha chai (mg 290 hivi) ndani ya viungo vya mishikaki ya nusu kilo kinatosha, na hapo usitie chumvi tena.

Kachumbari iliyotengenezwa sawasawa

Hapa ndipo lishe ilipo. Kwa watu wanne: nyanya 4 za wastani (gramu 400), kitunguu kikubwa 1 (gramu 150), ndimu 1, nusu pilipili mbuzi, kotimiri kiganja. Kila mmoja anapata kama gramu 145, zenye kilokalori zisizozidi 40 na vitamini C mg 17 hadi 20, huku kiwango kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima kikiwa mg 45 kwa siku. Vitamini hiyo husaidia mwili kufyonza madini chuma yaliyomo kwenye vyakula vya mimea, kwa hiyo faida yake ni kubwa zaidi kama kuna maharage au mboga za majani kwenye sahani. Hakuna sosi ya chupa inayofanya kazi hiyo.

Inapoharibika, huharibikia kwenye kitunguu. Wengi hukifikicha kwa chumvi ili kupunguza ukali, kisha hukisuuza mara moja haraka haraka. Chumvi inabaki. Kikate chembamba, fikicha kwa nusu kijiko cha chai, acha dakika 5, kisha suuza mara mbili kwa maji mengi yaliyo safi na ukamue. Usiongeze chumvi mwishoni; ndimu na pilipili vinabeba ladha. Kosa la pili ni kuikata asubuhi kwa ajili ya jioni. Nyanya hutoa maji, vitamini C hupungua, na chakula kibichi kilichokatwa kikikaa saa nyingi nje ya friji kinakaribisha vijidudu. Kata nyama ikiwa imebakiza dakika kumi makaani.

Nyanya za Ngarenanyuki na vitunguu vya Mang'ola, ukivipata, vinafanya kazi hii vizuri. Chagua nyanya ngumu kidogo. Iliyoiva sana iache kwa ajili ya sosi inayofuata.

Njia ya kati: sosi ya kahawia ya nyumbani

Ukiitazama orodha ya viambato vya HP, karibu vyote vipo Soko la Kilombero au Mbuyuni. Unahitaji:

nyanya mbivu gramu 500, kitunguu 1, ukwaju gramu 40, tende 5 zisizo na kokwa, kitunguu saumu punje 3, tangawizi kipande cha kidole gumba, siki vijiko 3 vya chakula, pilipili manga nusu kijiko cha chai, karafuu 2, mdalasini kipande kidogo, chumvi robo tatu ya kijiko cha chai.

Loweka ukwaju kwenye mililita 150 za maji ya moto kwa dakika 20, kamua, chuja mbegu na nyuzi. Chemsha nyanya, kitunguu, tende, saumu, tangawizi na viungo vikavu kwa moto wa wastani dakika 20, sufuria ikiwa na mfuniko. Toa mdalasini na karafuu, saga, chuja. Rudisha jikoni pamoja na ukwaju na siki, pika bila mfuniko kwa moto mdogo dakika 15 hadi 20 ukikoroga, mpaka kijiko kikipita chini ya sufuria kiache njia inayofungika polepole. Chumvi iwe ya mwisho. Ukiitia mwanzoni kwa kuonja, maji yakipungua inakolea kuliko ulivyokusudia.

Unapata gramu 400 hivi, vijiko 23 vya chakula. Kila kimoja kina sodiamu mg 76, sukari gramu 2 na kidogo, kilokalori 13. Ni pungufu ya HP kwa chumvi na kwa sukari pia, na sukari yenyewe imetoka kwenye tende, nyanya na ukwaju.

Usitumie sufuria ya alumini hatua ya ukwaju na siki. Asidi huila alumini na sosi hupata ladha ya chuma. Tumia ya chuma cha pua au iliyopakwa enameli. Ikishika chini usiikwangue; hamishia kwenye sufuria nyingine sehemu ya juu, maana ule uchungu ukichanganyika hautoki. Haina vihifadhi, kwa hiyo ikae kwenye friji kwa wiki moja tu, au igandishwe kwenye vibao vya barafu na kutolewa kipande kimoja kimoja.

Nani achukue ipi

Mwenye presha: kachumbari bila chumvi, au sosi ya nyumbani. Akitaka ya chupa, HP kijiko kimoja, nyama isitiwe chumvi. A.1. na soya aziache.

Mwenye kisukari: A.1. au Worcestershire kwa kiasi kidogo kama presha iko sawa. Babikyu si yake. Ila wengi wenye kisukari wana presha pia, na hapo jibu linarudi kwenye kachumbari.

Mgonjwa wa figo asichague kwa jedwali hili. Nyanya iliyokolezwa ina potasiamu nyingi, na zile chumvi mbadala zinazouzwa kama zenye sodiamu kidogo mara nyingi zimetengenezwa kwa potasiamu. Aulize anakotibiwa kabla ya kuigusa yoyote.

Mtoto wa mwaka 1 hadi 3, kwa mwongozo wa afya wa Uingereza, asizidishe gramu 2 za chumvi kwa siku. Kijiko kimoja cha chakula cha A.1. ni gramu 0.7. Mtengee nyama yake kabla ya chumvi na sosi.

Asiyeweza kula gluteni (protini ya nafaka kama ngano, shayiri na rai) asitumie HP, ina unga wa rai na siki ya shayiri. Soya sosi ya kawaida ina ngano. Mwenye mzio wa samaki akae mbali na Worcestershire, kwani ndani yake kuna samaki wadogo wa jamii ya dagaa waliochachushwa, na huwezi kuwatambua kwa ladha.

Sosi kwenye moto, na baada ya chupa kufunguliwa

Sosi yenye sukari ikipakwa kwenye nyama mbichi na kupelekwa kwenye makaa makali huungua nje kabla nyama haijaiva ndani. Paka dakika 3 hadi 5 za mwisho, makaa yakiwa yamefunikwa na jivu, kwa safu nyembamba mbili kuliko moja nene. Kulowekea nyama ndani ya sosi ya siki kunafaa saa 1 hadi 2 kwa vipande vya mishikaki. Ukiiacha mpaka kesho yake, asidi hulegeza uso wa nyama ukawa kama umepondeka, na sarara ndiyo huharibika haraka zaidi kwa sababu tayari ni laini. Sosi iliyolowekewa nyama mbichi isirudi mezani mpaka ichemke sawasawa.

Chupa ikishafunguliwa iweke kwenye friji. Siki na chumvi huizuia kuoza haraka, lakini rangi na ladha hupotea kwenye joto, na mdomo wa chupa uliokauka sosi ndipo ukungu huanzia. Futa mdomo kwa kitambaa safi kila baada ya kutumia, usichovye nyama wala kijiko kilicholiwa ndani ya chupa, na andika tarehe ya kufungua juu ya lebo kwa kalamu ya wino usiofutika.